Shahidi na Mpelelezi: Historia ya Riwaya ya Kihistoria katika Kiswahili

Riwaya ya kihistoria ni hadithi ya kubuni iliyowekwa katika wakati uliokwisha kupita, ambamo watu wa kubuni huishi pamoja na watu na matukio yanayojulikana, na ambamo wakati wenyewe si pambo la mandhari bali ndio unaoyasukuma maisha ya wahusika yakaenda upande huu badala ya ule. Katika fasihi ya Ulaya utanzu huu huhesabiwa kuanzia mwaka 1814, Walter Scott wa Uskoti alipochapisha Waverley, riwaya ya uasi wa mwaka 1745, ambayo jina lake la pili liliwaarifu wasomaji kwamba mambo hayo yalitokea miaka sitini nyuma. Tangu hapo wahakiki wengi wamekuwa wakiichukua miaka hiyo sitini kama kipimo: hadithi ya mambo ya juzi haihesabiwi kuwa ya kihistoria mpaka kizazi kilichoyashuhudia kianze kutoweka. Kwa Kiswahili kipimo hicho hakifai, kwa sababu katika upwa wa Afrika ya Mashariki zamani haikuwa ikingoja uzee wa watu. Mara kadhaa ilifika kwa usiku mmoja.

Mwandishi wa Kiswahili anayeandika kuhusu wakati uliopita amejikuta mara nyingi katika moja ya nafasi mbili: ama ya shahidi, anayesema yaliyotokea kwa niaba ya upande fulani, ama ya mpelelezi, anayeuliza nani alitenda na kwa sababu gani. Nafasi hizo mbili zimepokezana kwa karibu karne tatu, na katika mapokezano hayo mpelelezi mwenyewe, aliyeanza akiwa mtu wa kuaminiwa, aliishia kuwa mtu wa kuogopwa.

Kabla ya riwaya: tenzi na tarihi, 1728 hadi 1907

Riwaya kwa maana ya kitabu cha nathari kilichopigwa chapa ni jambo la karne ya 20, lakini kubuni juu ya msingi wa historia ni kazi ya zamani zaidi. Utenzi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, ulitungwa Pate na Mwengo wa Athumani, na hati yake ina tarehe ya mwaka 1728. Katika beti zaidi ya elfu moja unasimulia vita kati ya majeshi ya Waislamu na yale ya Herakli, Kaisari wa Rumi ya Mashariki. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba msafara halisi wa Tabuk wa mwaka 630, ambao ndio mbegu ya utenzi huo, haukuishia vitani, kwa kuwa jeshi la Warumi halikutokea. Mapambano makubwa yanayoujaza utenzi yametokana na maghazi, yaani masimulizi ya Kiarabu ya vita vya Mtume na masahaba zake, pamoja na ubunifu wa mtunzi mwenyewe aliyejua hadhira yake inapenda kusikia nini. Tena mwaka huohuo wa 1728 Wareno waliitwaa upya Mombasa kutoka kwa Waomani, na Pate ilikuwa imeshirikiana na Wareno hao. Utenzi wa ushindi dhidi ya jeshi la Wakristo ulitungwa basi katika mji ambao watawala wake walikuwa wamefunga mapatano na Wakristo wa zama zao. Kama Mwengo alikusudia kejeli au alitimiza amri tu, haiwezekani kuthibitisha, lakini hali hiyo inatosha kuonyesha kwamba kuisimulia zamani hakujawahi kuwa kazi isiyohusu siasa ya siku yenyewe.

Kando ya tenzi kulikuwa na tarihi, yaani maandishi ya nathari yanayopanga watawala na matukio kwa mfuatano wa miaka na nasaba. Habari za Pate ni mfano mmoja. Kilicho karibu zaidi na riwaya ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, aliyekuwa karibu na watawala wa Usambara na aliyeiandika mwishoni mwa karne ya 19. Kitabu hiki kinaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Ungulu, aliyekimbia ndugu zake, akawapa nyama watu wa milimani, akaua simba, akapewa utawala. Mwandishi hakumwona Mbegha, wala hapakuwa na hati ya zama hizo. Hata hivyo amewapa watu wake mazungumzo marefu, hofu, hila na mizaha, kama afanyavyo mwandishi wa riwaya. Wanahistoria wamekitumia kama chanzo, wakati msomaji wa kawaida hukisoma kama hadithi, na pande zote mbili zina haki.

Uvamizi wa Wajerumani uliwarudisha watunzi kwenye ushahidi wa karibu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima kuhusu upinzani wa pwani wa miaka ya 1888 na 1889, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga utenzi wa vita vya Maji Maji vilivyopiganwa kati ya 1905 na 1907. Hao hawakuhitaji kubuni zamani, kwani damu ilikuwa bado haijakauka. Hata hivyo waliacha kitu ambacho waandishi wa baadaye wangekitegemea, yaani sauti ya Kiswahili iliyozungumza kuhusu ukoloni kabla wakoloni hawajaanza kuchapisha vitabu vya kuusifu.

Nathari ya shule na misheni, 1929 hadi 1945

Umbo la riwaya liliingia kwa njia ya tafsiri. Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, alitoa Kisiwa chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani cha Rider Haggard, vyote mwaka 1929. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba kimoja cha vitabu hivyo vya mwanzo kabisa, kile cha Stevenson, ni riwaya ya kihistoria ya karne ya 18. Wanafunzi wa shule za Tanganyika na Kenya walisoma riwaya ya zamani ya Waingereza kabla hawajapata hata moja ya zamani yao wenyewe.

Pengo hilo lilijazwa mwaka 1934, James Mbotela alipochapisha Uhuru wa Watumwa. Mbotela alikuwa mtoto wa Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichojengwa na wamisionari karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 na kupewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa kumtaka Sultani Barghash wa Zanzibar akubali mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini. Babake mwandishi alikuwa Myao aliyekamatwa na kisha kuokolewa. Kitabu kinafuata safari hiyo: kutekwa, misafara ya bara, jahazi, manowari ya Waingereza, na hatimaye maisha mapya chini ya kanisa. Kimechanganya kumbukumbu za wazee na mazungumzo ya kubuni, na ndiyo sababu wahakiki wamebishana kama ni historia, wasifu au riwaya.

Walichokilaumu zaidi ni msimamo wake. Katika Uhuru wa Watumwa Mwarabu ni mshika minyororo, Mwingereza ni mkombozi, na hakuna mahali ambapo mkombozi huyo anaulizwa amefuata nini pwani. Lawama hiyo ni ya haki, ila haitoshi. Mbotela alikuwa shahidi wa jamii iliyokuwa haina mahakama nyingine ya kuikimbilia. Wazee wa Freretown hawakuwa na ukoo wala ardhi ya mababu pwani, na uwepo wao mahali pale ulitokana na manowari hiyo hiyo aliyoisifu. Ushahidi wake umeegemea upande mmoja, lakini bila yeye wengi wa watu hao wangebaki tarakimu katika taarifa za jeshi la majini.

Kilichoandikwa Ukerewe kilikuwa tofauti kabisa. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu ya Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto katika kisiwa ambacho bado hakijafikiwa na Wazungu. Hakuna vita wala mfalme mashuhuri. Kuna kilimo, uganga, posa, pombe, mashauri ya wakwe na ugonjwa, vyote kwa undani ambao hata wataalamu wa mila hawakuufikia. Kitereza alitaka vijana wajue wazee wao waliishi vipi. Wachapaji hawakuitaka kazi ya Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Hivyo riwaya ya kihistoria iliyo nzito kuliko nyingi ilikaa miaka thelathini na mitano bila msomaji, nayo haikuweza kuwaathiri waandishi waliokuja katikati.

Bwana Msa na maiti ya mzimuni, 1957 hadi 1984

East African Literature Bureau, ofisi iliyoundwa mwaka 1948 kuchapisha vitabu vya lugha za Afrika ya Mashariki, iliendesha mashindano ya kuandika hadithi katika mwaka wa 1957 na 1958. Mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mwandishi wa habari. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia nyumba za watu na kuona ambayo wenyewe wasingependa yaonekane, na huenda mafunzo hayo hayakupotea. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, kilimleta Bwana Msa, mpelelezi wa hiari mwenye kiko mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif wa polisi. Asili yake ni Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na Abdulla hakuificha.

Riwaya hiyo kwa kawaida huwekwa katika fungu la upelelezi, lakini kiini chake ni cha kihistoria. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali pa matambiko panapoaminiwa kukaliwa na roho za wahenga, na wenyeji wanaona wazi kwamba waliotenda ni watu wa kale. Bwana Msa anakataa. Kwake wafu hawaui. Waliotenda ni hai, wana sababu, na sababu zenyewe ziko katika mali na nasaba. Kwa hatua hiyo moja swali la kesi likawa swali la historia: nani anaitumia zamani kufichia kosa la leo? Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, ambacho jina lake limetokana na makao ya wachawi katika imani za Unguja, kinalirudia swali hilo, na riwaya zilizofuata, kama Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri, zinachimba zaidi siri za uzazi: mtoto wa nani, aliyebadilishwa lini, mrithi halali yupi.

Mwezi Januari 1964 Mapinduzi yalimwondoa Sultani na kuivunja jamii ambayo Bwana Msa alikuwa akiipeleleza. Abdulla aliendelea kuandika mpaka Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984, lakini Unguja ya vitabu vyake ilibaki kwa sehemu kubwa ile ya kabla, yenye mashamba ya urithi, watumishi wa nyumbani na ustaarabu wa mazungumzo marefu baada ya chakula. Pasipo kuhama mahali wala mtindo, riwaya za mambo ya leo ziligeuka kuwa riwaya za upelelezi za wakati uliopita. Kwingineko utanzu huo hutengenezwa kwa makusudi: Agatha Christie alilipeleka fumbo lake Misri ya Mafarao mwaka 1944, na Umberto Eco wa Italia, mwaka 1980, aliweka mauaji yake katika monasteri ya mwaka 1327. Abdulla hakuwahi kuitafuta zamani hiyo. Ilimjia yeye, na kule kukataa kwake kuisindikiza Zanzibar mpya ni hukumu ya kisiasa ambayo wahakiki wengi wamepita bila kuigusa.

Barani mpelelezi alishika njia nyingine. Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, mwaka 1965, kilimhamishia mjini katika maisha ya sasa, na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akawa jasusi wa serikali huru. Mpelelezi alikuwa amepata mwajiri.

Ushahidi wa taifa, 1967 hadi 1979

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kulikuwa na hamu ya kuiandika historia upya kwa macho ya wanyonge, na Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa tayari. Watafiti wa idara ya historia walikusanya kumbukumbu za wazee wa kusini kuhusu Maji Maji mwaka 1968. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile. Hiyo ni tamthilia, yaani hadithi ya jukwaani, lakini haiwezekani kuelewa riwaya zilizofuata bila kuipitia. Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Hussein aliweka wazi katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia, kisha akatumia uhuru huo kumpa shaka ambayo hakuna hati ingeweza kuithibitisha: kiongozi aliyeuzaa ujumbe uliowaunganisha watu, halafu akaona ujumbe huo umemponyoka na unaelekea kuwaua. Mapokeo ya kitaifa yalitaka shujaa. Hussein alitoa mtu.

Waliomfuata hawakuwa na ujasiri huo daima. Mugyabuso Mulokozi aliandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979, na baadaye akaandika hadithi za vijana kuhusu zama hizo hizo za Mkwawa, mtawala aliyelishinda jeshi la Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kujiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Nchini Kenya, P. M. Kareithi aliandika Kaburi Bila Msalaba, kilichotoka mwaka 1969, kuhusu vita vya Mau Mau, miaka tisa tu baada ya hali ya hatari kuondolewa. Kazi hizo zina nguvu pale zinapoonyesha maisha ya watu wa kawaida msituni au ngomeni. Zinapolazimika kutoa funzo la uzalendo, wahusika hunyooka mno na maneno yao huwa hotuba.

Shafi Adam Shafi na mwisho wa ulimwengu, 1978 hadi 1999

Hapa ndipo kipimo cha miaka sitini kinapovunjika. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978, inasimulia mambo ya miaka kumi na minne tu nyuma. Hata hivyo ni riwaya ya kihistoria kwa kila maana, kwani mfumo inaoueleza, wa bwana mwenye mashamba ya karafuu na watu wasiojua kama wana haki ya kuchoka, ulikuwa umezikwa. Shafi angeweza kuridhika na picha ya mkulima aliyeamka. Badala yake alimweka mbele Kijakazi, mtumishi aliyezeeka katika nyumba ya bwana wake, anayepigwa na kutukanwa na bado akaamini kwamba amezaliwa kumtumikia. Mapinduzi yanapofika yanamkuta hana mahali pengine pa kuuweka moyo wake. Sera inaweza kumgawia ekari za ardhi, lakini haiwezi kumgawia ujana. Kwa kumchora hivyo mwandishi aliyeyaunga mkono Mapinduzi alionyesha kile ambacho hotuba za Mapinduzi hazikukisema.

Kuli, iliyotoka mwaka 1979, ilirudi nyuma hadi mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Kisha ukapita muda mrefu. Mwaka 1992 Gabriel Ruhumbika wa Ukerewe alichapisha Miradi Bubu ya Wazalendo, iliyounganisha ukoloni na miaka ya uhuru katika simulizi moja ya kukata tamaa, na mwaka 1999 Shafi akatoa Vuta n'kuvute.

Katika riwaya hiyo Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee mwenye duka, anatoroka, anahamia kwa rafiki yake Mwajuma mtaani Ng'ambo, na anampenda Denge, kijana wa harakati za siri za kupinga Waingereza. Zanzibar ya miaka ya 1950 imeelezwa kupitia taarabu, vyumba vya kupanga, vijiwe na magendo ya magazeti yaliyopigwa marufuku. Upelelezi nao umo, ila umepinduliwa: Inspekta Wright na Koplo Matata ndio wanaotafuta dalili, wanapekua, wanavizia na kuuliza maswali, na msomaji anaomba washindwe. Bwana Msa alipofichua siri, jamii ilirudi kwenye utulivu wake. Wright akifichua siri, uhuru utachelewa. Kwa hiyo kazi ileile ya kuunganisha vipande vya ushahidi, iliyokuwa furaha ya msomaji wa mwaka 1960, sasa ni kazi ya dola, na hadithi imehamia upande wa anayejificha.

Mahabusu na rehani, 2003 hadi 2022

Haini, kilichotoka mwaka 2003, kilimalizia mgeuko huo. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, na Shafi alikuwa mmoja wa waliokamatwa kufuatia tukio hilo. Riwaya inasimulia mauaji ya kiongozi na yanayowapata watuhumiwa gerezani. Ina kila kiungo cha hadithi ya upelelezi: maiti, washukiwa, mahojiano, maungamo na mahakama. Kilichokosekana ni upelelezi wenyewe. Wahoji hawatafuti jibu kwa kuwa wameshalipata, na mateso yapo ili miili ya watu ikubaliane na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini kwa kitabu hicho kuwafikia wasomaji, na hakuna kumbukumbu ya serikali inayoeleza jinsi usiku wa mahabusu unavyopimwa kwa milio ya funguo. Shahidi na mpelelezi, waliokuwa wakipokezana tangu Pate, wamekutana hapa katika chumba kimoja, wa kwanza akiwa mfungwa wa huyo wa pili.

Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyehamia Uingereza akiwa kijana na kuandika kwa Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis alitoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake ya mwaka 1994. Inasimulia Tanganyika ya Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa sababu hiyo inasimama palepale Mbotela aliposimama, kwenye njia za misafara na watu wasio huru. Lakini Yusuf hakukamatwa na mtu yeyote. Baba yake alimtoa rehani kwa mfanyabiashara Aziz ili kufidia deni, na mtoto aliendelea kumwita bwana huyo ami mpaka alipofafanuliwa mambo na Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake. Mkataba wa mwaka 1873 ulihusu majahazi, amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa ilihusu Unguja na Pemba, na Tanganyika ilingoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Deni la baba kwa tajiri halikuandikwa wazi katika hata moja kati ya hizo. Katika Uhuru wa Watumwa manowari ikifika kesi imekwisha. Katika Peponi Khalil anaweza kuondoka dukani, naye haondoki.